Makopo Mawili ya Maganda

Mzee niliyekuwa nikimhudumia kule Minto, ughaibuni, alikuwa na ubishi mmoja maishani: ganda la risasi ukishalipiga, kabla ya kulijaza baruti upya, unalibana shingo tu au unalibana lote? Mimi Mkenya, kea wa wazee, nimekuja kumwogesha na kumpikia uji, nabaki nimesimama na taulo nikifundishwa mambo ya bunduki. Aki ya nani, miaka themanini na moja, na bado anapiga shabaha klabuni kila Jumamosi!

"Ganda likipigwa hufura, likachukua umbo la bunduki yako," alikuwa akisema. "Bana shingo peke yake ili ishike risasi, mwili uuache. Litarudi mle mle kama mguu kwenye kiatu chake. Lakini lililopigwa na bunduki ya mwingine, libane lote, la sivyo linakwama."

Kwa hiyo alikuwa na makopo mawili: moja la maganda yake, lingine la yale aliyopewa na wenzake. Binti yake naye alishamwambia waziwazi: siku ukianza kuchanganya mambo, bunduki zinaondoka na wewe unaenda nyumba ya wazee. Mzee aliogopa hilo kuliko kifo.

Makopo hayo yalikaa kwenye meza yake ya kutengenezea risasi, na meza hiyo niliambiwa nisiiguse. Lakini mimi nilivyolelewa, niache vumbi kwenye meza ya mzee? Asubuhi moja, yeye akiwa bafuni, nikaingia na kitambaa. Kiwiko kikagonga, makopo yote mawili chini. Maganda yakaviringika sakafu nzima, yote ya shaba, yote sawa. Nikayazoa mbiombio, nikayagawa nusu kwa nusu, nikanyamaza. Nilikuwa bado kwenye probesheni ya kazi, kosa moja tu nafukuzwa. Nikajidanganya kwamba ganda ni ganda tu.

Wiki mbili baadaye, mbele ya klabu nzima, risasi yake ikakwama. Akaitoa, akaweka nyingine, nayo ikakwama. Binti yake ndiye aliyempeleka siku hiyo, na ndiye aliyenisimulia jinsi babake alivyosimama pale akisema, "Nimezichanganya. Sikumbuki lini."

Ningesema hapo hapo. Maneno mawili matatu yangetosha. Binti alikuwa jikoni ananitazama, na mimi nikamimina chai nikasema, "Pole sana." Woga mtupu. Najichukia nikikumbuka.

Bunduki zilichukuliwa. Mzee yuko kwenye nyumba ya wazee huko mtaa wa Liverpool, si mbali na Minto, chumba kina dirisha linalotazama maegesho ya magari. Mwezi uliopita, probesheni ikiwa imeshakwisha, nilipanda treni kwenda kumwona, nikamweleza yote: kiwiko, sakafu, nusu kwa nusu. Nililia. Alinisikiliza hadi mwisho, akanipapasa mkono.

"Una roho nzuri wewe," akasema. "Lakini usinidanganye ili unifariji. Kichwa changu nakijua."