Mkuu wa Wilaya Kaniamkia Shikamoo

Nina miaka thelathini na mbili, na leo mkuu wa wilaya kaniamkia shikamoo. Kwenye kipaza sauti. Mtaa mzima wa Ngamiani unasikia.

Alikuja kuhimiza vijana tujiandikishe kupiga kura. Akauliza, "Kijana gani hajajiandikisha? Asione haya, anyooshe mkono!"

Nikanyoosha.

Akaniita mbele. Nami kwa adabu zangu nikavua kofia. Hapo ndipo kipara kilipopigwa na jua.

Akanitazama weee.

"Shikamoo, mzee wangu."

Jamani, mdomo una mazoea yake! Wangu ukajibu wenyewe:

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

MWANANGU! Mtu ana mvi mpaka masikioni!

Watu hoi kwa kicheko. Nikageuka niondoke zangu, mara nasikia karani wa uandikishaji, mezani kwake pale pembeni, anapaza sauti: "Mpisheni mzee, wazee hawapangi foleni!"

Nikaitazama foleni. Imepinda kona, haina mwisho. Nikalitazama jua.

Nikajishika kiuno, nikapita nachechemea.

Karani aliponiuliza umri, nilimnong'oneza.

Haya, chekeni. Mimi kadi ninayo mfukoni. Nyie vijana, foleni imefika wapi?