Debe la Sayansi Chini ya Kitanda Changu

Nianze kwa kukiri kwamba mpaka leo, mwanamke mzima mwenye miwani na mvi, watu niliokua nao Kaloleni, Nairobi, hawaniiti Truphosa. Wananiita Mama Pima, jina la mwanamke auzaye pombe kwa kipimo, na tukikutana mjini wanaulizia kama siku hizi nauza kwa kikombe au bado ni kwa debe. Cheka kwanza. Ukimaliza nitaendelea, mimi aibu hii nimeizoea.

Yote yaliletwa na insha. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea mwisho, mimi niko kidato cha pili, na mwalimu wetu wa sayansi, Bwana Ochieng' (mtu wa tai fupi na matumaini marefu), akatangaza mashindano ya insha za utafiti kwa wanafunzi wa jiji, na mshindi angeiletea shule yake hadubini mpya. Yetu ilikuwa imeharibika kioo, ukichungulia ndani unaona kope zako mwenyewe. "Msiniandikie habari za mwezini," akatuambia. "Chunguzeni kitu cha nyumbani, mkijaribu kwa mikono yenu, halafu mwandike mlichokiona." Basi nikachagua uji mchachu, kwa sababu kwetu haukukosekana, na nikaandika juu ya karatasi kwa herufi kubwa: KAZI YA JOTO KATIKA KUCHACHUKA KWA UNGA. Baada ya hapo nilitembea mtaani nikijiona daktari.

Shida ni kwamba ulikuwa mwezi wa saba, na wewe unajua baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba. Niliweka unga na maji kwenye mkebe, nikangoja mapovu niyaandike, mapovu yakakataa. Siku zinakwenda, insha inatakiwa Jumatatu, na sayansi yangu imelala fofofo. Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, ule ambao nikiukumbuka najishika kichwa. Mama mmoja muuza nafaka sokoni aliniona nimenuna, nikamweleza shida yangu, akanichotea kimea (nafaka ya wimbi iliyooteshwa, ikaanikwa, ikasagwa) akasema, "Tia hii, mwanangu, haitalala tena." Nami nikafikiri, ikiwa mkebe mdogo unatoa mapovu kidogo, si debe zima litatoa mengi, na waamuzi watafurahi zaidi? Nikajaza debe. Nikalisukuma chini ya kitanda changu, upande wa ukuta unaopakana na jikoni ili lipate joto la jiko, nikalifunika blanketi, na mdomo wake nikaufunga kwa kitambaa cheupe nilichokikuta kimekauka kwenye kamba, mende wasije wakaingia kwenye utafiti.

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha mama, kile cha kichwa cha kwenda kanisani, chenye msalaba aliodarizi mwenyewe. Sasa lazima ujue mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Akipita karibu na kilabu cha busaa, ile pombe ya unga, alivuka barabara, tena akishikilia pua. Na Jumamosi ile ile akina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwetu kumchagua mwenyekiti wao. Waliotajwa ni wawili, mama, na Mama Njoki aliyekuwa akiuza mboga, mama mwenye sauti na mwenye watu. Mama aliutaka uenyekiti ule tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alisugua sakafu mpaka ikang'aa, akaazima viti nyumba tatu, baba akafukuzwa aende kazini reli hata kabla ya zamu yake kuanza, na asubuhi yote mama akawa anatafuta kitambaa chake, akiwalaumu watoto wa jirani. Mimi nikamsaidia kukitafuta, kwa sababu kwa uaminifu wa mbinguni nilikuwa nimesahau kabisa nilikoweka.

Wageni wakaketi. Na harufu nayo ikaketi. Ilianza kidogo, kama mkate, kisha ikapanda, na ukiona akina mama kumi na kitu wanaimba huku kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, unajua kuna jambo. Mama akaona aibu kwa niaba ya majirani. Alipopewa nafasi ya kuomba, akafumba macho, akasema kwa uchungu, "Na Bwana, wale wanaopika pombe hapa mtaani kwetu wakijificha, tunaomba leo hii wafunuliwe."

Amina haijatoka vizuri midomoni, hodi ikasikika mlangoni.

Alikuwa Mzee Wanyama, jirani yetu wa upande wa bomba la maji, mstaafu wa reli, kofia iko mkononi na mrija uko kwapani. Kwao wazee hunywa busaa wakiwa wamezunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na mzee wa heshima haazimi mrija wa mtu. Nyuma yake walisimama vijana wawili na vikombe.

"Mama Truphosa," akasema kwa upole, "harufu imenifikia tangu jana. Nikajiambia hapana, si kwa huyu mama. Lakini leo nimeona wageni, nikasema kumbe ni sherehe, na mimi ni jirani, labda wamesahau tu kuniita." Akaketi kwenye kiti cha katibu wa akina mama, aliyekuwa bado amesimama. "Maji moto yapo ya kuongeza chunguni?"

Mama Njoki akainuka, akaifuata harufu mpaka chumba cha ndani, akainama, na pamoja na mwenzake wakalivuta debe langu mpaka katikati ya sebule. Blanketi likadondoka. Kitambaa cheupe kilikuwa kimevimba kwa mapovu, kinapanda na kushuka, na msalaba juu yake unapanda na kushuka.

"Truphosa," mama akasema, "hiki ni nini?"

"Ni insha," nikajibu.

Mzee Wanyama akalitazama debe kwa heshima. "Mimi niliacha shule mapema sana," akasema.

Vijana wa vikombe wakacheka, na mlangoni nusu ya mtaa ilikuwa imeshajaa. Mama Njoki akasema yeye hana neno, ila kanisa litauliza. Nikamwona mama akikaza midomo, machozi yanamlengalenga, na hapo ndipo nilipoumia kweli, maana miaka yake yote ya kusubiri nilikuwa nimeimwaga mimi, tena kwa debe. Ningependelea anichape. Badala yake akaketi, akanyoosha kitenge chake, akasema, "Ilete hiyo insha. Isome. Yote, na wote wasikie."

Nikasoma. Nikasoma habari za mkebe, za baridi, za kimea, nikafika pale nilipoandika kwamba sababu ya mapovu kuchelewa haijulikani.

"Inajulikana," Mama Adhiambo, mmoja wa wageni, akasema kutoka kwenye kona. "Unga hukukaanga. Huo unga kwanza unachachuka, halafu unaukaanga kwa bati mpaka unageuka rangi, ndio kimea kifuate."

"Na kimea chenyewe hakijakauka," akasema katibu, ambaye sikuwahi kumsikia akisema kitu zaidi ya "nimeandika". Alikuwa amefunua debe na kuchovya vidole. "Hiki kiliona jua siku moja tu."

"Ndio maana sisi kwetu tunatumia asali na miratina, lile tunda la kuchachushia," Mama Njoki akaingilia, kwa ile sauti yake ya sokoni. "Miratina haiogopi baridi. Ukiiweka karibu na moto jioni..."

Akajishika mdomo. Akina mama waliangaliana, wakaangalia sakafu iliyong'aa, na kwa muda hakuna aliyejua aweke wapi macho yake.

"Na miaka yote hii," Mzee Wanyama akasema taratibu, "mimi naifuata mpaka mbali huko."

Wa kwanza kucheka alikuwa mama. Alicheka mpaka akashika ubavu, wengine wakamfuata, Mama Njoki akicheka huku amejifunika uso kwa leso, na ni yeye mwenyewe aliyependekeza mama awe mwenyekiti, haraka haraka, akamwomba katibu asiandike mengi ya siku hiyo. Hakuna aliyepinga. Nani angepinga?

Jioni mama alinisimamia nikimwaga debe mtaroni karibu na bomba, Mzee Wanyama akitazama kutoka mlangoni pake kama mtu aliyefiwa. Kabla halijaisha, mama aliangalia huku na huku, akachovya kidole, akaonja. "Ilibaki siku moja tu iive," akasema, akaingia ndani.

Jumapili niliiandika upya insha, nikaongeza kila nilichosikia sebuleni. Hadubini hatukupata. Waamuzi waliirudisha na kumwambia Bwana Ochieng' kwamba kazi ni nzuri, ila maarifa yaliyomo si ya msichana wa shule, na wangependa kujua ni mtaalamu gani aliyemsaidia. Mama akaitwa shuleni. Alikwenda amevaa kitambaa chake cheupe, ambacho alikuwa amekifua na kukifua na bado ukimkaribia ulipata harufu kidogo.

"Mama," Bwana Ochieng' akamwuliza, "nani alimsaidia huyu mtoto?"

Mama akaweka mkoba wake magotini. "Ni akina mama wa kanisa, mwalimu," akasema. "Na mwenyekiti ni mimi."

Tangu siku ile uji wangu nautia uchachu kwa limau tu, mwezi wa saba au usiwe wa saba.