Gari Lisilofaa Msibani

Nina pikapu, na kwa hiyo sina mapumziko. Hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, ukiwa na pikapu, karinya kama tunavyoiita, huulizwi kama una nafasi. Unaulizwa kama ina mafuta. Mimi nauza saruji, mabati na misumari, na pikapu ile niliinunua kwa ajili ya duka. Lakini tangu watu walipoanza kurudi mjini baada ya kukimbia vita, imebeba kila kitu. Imebeba maharusi na makungwi wao, wajawazito, mbuzi wa akika, milango iliyookotwa kwenye magofu, masufuria ya pilau yaliyochafua bodi kwa mafuta. Na imebeba maiti. Nikigongewa alfajiri siulizi nani. Nauliza maziko saa ngapi.

Sikuwa nakataa. Utamkataliaje mtu aliyerudi na nguo alizovaa tu, wakati na wewe ulirudi hivyo hivyo? Ila nilichoka. Niseme wazi, nilichoka na watu. Kuna siku nilikuwa nikiitazama pikapu uani nikaichukia, nayo haina kosa lolote.

Gari la pili nililiona Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, nilikokwenda kufuata mabati. Fundi mmoja alikuwa amelificha nyuma ya gereji yake: gari dogo jekundu la Kijapani, la spoti, la zamani, viti viwili, paa la turubai la kukunja, na taa za mbele zinazolala ndani ya boneti mpaka uziwashe ndipo zinainuka. Mwenyewe alikuwa mgeni aliyemaliza kazi akaenda kwao, na fundi alichokuwa akitaka ni nafasi ya kuegesha magari ya wateja. Bei aliyonitajia isingenunua hata pikipiki mpya.

Nikafungua mlango nikakaa. Gari liko chini, matako karibu yaguse ardhi. Nikapeleka mkono nyuma ya kiti nikakuta ukuta. Hakuna kiti cha nyuma, hakuna bodi, hakuna pa kuweka gunia wala pa kulaza mtu. Nikaufunga mlango, nikakaa mle peke yangu na vioo vimepandishwa, jasho linanitoka, na nikajisikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mume wangu afariki.

Fundi akagonga kioo. "Senyora, hili siyo gari la familia."

"Ndiyo maana nalitaka," nikamwambia.

Raha ile haikufika hata Awasse, njiani kurudi. Nilikuwa nimetangulia na pikapu na mabati yangu, gari linakuja nyuma juu ya lori la mizigo, na kadiri nilivyokaribia nyumbani ndivyo hofu ilivyonipanda. Nilikuwa naogopa jambo moja tu: kuitwa mchoyo. Kwetu mtu akishaitwa mchoyo hatukanwi. Anasalimiwa vizuri sana. Akifiwa watu wanakuja, lakini wanakaa mkao wa kuondoka. Na mimi ni mjane, watoto wangu wako Nampula na Maputo; niliobaki nao ni hao hao wanaonigongea mlango. Wakiona nimenunua gari la pili, na hilo la pili nimelichagua makusudi lisilo na nafasi yao, wataelewa. Siyo wajinga. Njia nzima nikawa natunga uongo, kwamba gari ni la mtu namtunzia, kwamba ni la mwanangu, na kila uongo nilipoujaribu mdomoni uliniaibisha mwenyewe.

Lori lilifika mchana kweupe, gari limebanwa kati ya magodoro. Mtaa mzima ulitoka. Likashushwa polepole kwa mbao, wanaume wanne wakilishikilia, kila mmoja akitoa amri yake.

Aliyekuwa mbele kabisa ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama aliyetokea kijiji cha Mbau, mkubwa kwangu kidogo, anayelima muhogo na kuuza makopa. Huyu ndiye mjumbe wa shida zote za mtaa. Kukitokea mgonjwa au maiti anatumwa yeye kuja kwangu, kwa sababu namwita dada na wote wanajua siwezi kumfungia mlango. Akalizunguka gari, mikono nyuma, na watu wakanyamaza kumsubiri.

"Karu hii yako, mdogo wangu?"

"Yangu, dada."

"Na watu wanakaa wapi?"

"Hapo."

"Mmoja?"

"Mmoja."

Akatikisa kichwa. Akaja mzee mmoja wa msikitini kwetu, mtunzaji wa jeneza, na bila kuniomba ruhusa akaingiza bakora yake ndani, akapima kutoka dashibodi hadi nyuma ya kiti, akapima tena mshazari. "Haingii," akatangaza. "Hata paa likiwa wazi, miguu itabaki barabarani." Mwanamke mwingine akauliza basi harusi je. Wakakubaliana kwamba bibi harusi ataenea, lakini kungwi wake itabidi akae mapajani mwa dereva. Wakamtazama kungwi wa mtaa wetu, ambaye ni mama wa kutosha, na watu wakavunjika mbavu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Buti likafunguliwa. Likaingia beseni moja, na halikufunga.

Mimi nilisimama pale nangoja nani atalisema lile neno. Kicheko kilipoisha dada akanishika mkono, akanivuta pembeni, na akaanza kusema kwa ile sauti yake ya misibani.

"Mdogo wangu, wamekuibia."

"Nani?"

"Haohao wa Pemba. Wameona mwanamke hana mume, wamekuuzia nusu ya gari."

Nusura nicheke. Badala yake machozi yakanitoka, kwa jinsi roho ilivyonitua, naye akayaelewa kivyake, akanifuta kwa upindo wa kapulana aliyojitanda na kuniambia nisilie mbele za watu. Sikumsahihisha. Mungu anisamehe, sikumsahihisha hata kidogo.

Alasiri ile walikuja kunipa pole. Si utani: walikuja kweli, wakavua viatu mlangoni, wakaketi mkekani. Mmoja alileta samaki wa kukaanga, mwingine bakuli la muhogo wa nazi, na dada akaketi karibu yangu akiwapokea kwa niaba yangu. Walisimulia kila aliyewahi kutapeliwa tangu enzi za mababu. Mzee wa jeneza aliahidi kunitafutia mteja ng'ambo ya Ruvuma, kwa Watanzania, ambao kwa maoni yake hununua chochote kinachong'aa. Na hakuna aliyekaa mkao wa kuondoka. Ilibidi niwashe jiko nichemshe chai mara ya pili. Nilijikaza kisabuni, nikaitikia pole zote, na moyoni nikawa nashukuru kila aliyeingia.

Basi nikawa na gari langu. Duka likishafungwa nalitoa taratibu kwenye mchanga, nikihofia tumbo lake, mpaka niifikie barabara ya kusini pale palipotiwa lami, hapo naliachia. Upepo unapiga, injini inalia vizuri, hakuna anayeniambia nipitie kwa fulani. Naenda, nageuza, narudi. Pikapu iliendelea na kazi zake za siku zote, na nikaacha kuichukia. Nilipowapita watu barabarani walinipungia mkono kwa huruma.

Jumapili moja, nakunja paa, nikamwona dada anakuja. Alikuwa amevaa kapulana mpya na viatu vya kufunika, na dada akivaa viatu vile ujue kuna jambo.

"Nani?" nikamwuliza.

"Nani nini?"

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Mgonjwa?"

"Hamna mgonjwa. We unakwenda wapi?"

"Siendi mahali, dada. Nazunguka tu."

"Basi na mie nataka huko."

Sikufurahi, siwezi kudanganya. Ile saa ilikuwa yangu, ndiyo niliyoinunua hasa; gari lilikuwa chombo tu cha kuipatia. Nikaangalia kile kiti cha pili kama vile kingeweza kutoweka. Lakini alikuwa amekwisha kufungua mlango, akaingia kinyumenyume, makalio kwanza, akacheka alivyotumbukia, akaniomba nimfunge mkanda.

Kwenye kontrolo, kizuizi cha ukaguzi barabarani, askari kijana alituinamia. Akauliza mzigo uko wapi. Hatuna. Mgonjwa? Hatuna. "Sasa mnakwenda wapi?"

"Tunapunga upepo, shefe," dada akamjibu kabla yangu. "Kwani hairuhusiwi?"

Askari akatazama viti, akatazama nyuma ya viti, akakosa cha kupekua. Akatabasamu, akatuambia twende.

Nikaongeza mwendo, kapulana yake ikawa inapeperuka, akaishika kichwani kwa mkono mmoja. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Mie gari si mgeni nayo. Ya kwanza nilipanda kumpeleka mwanangu hospitali, Mosimboa, sikurudi naye. Tena tukakimbia kutoka Mbau, tumepangwa mle ndani kama makopa, kazi yangu kuhesabu vichwa vya wajukuu. Kila shimo tukipita nahesabu tena. Kurudi, nahesabu. Karinya yako nayo, nimepanda na wafu wa watu, nimeshika shuka lisipeperuke. Sijapata kukaa ndani ya gari nikawa sina mtu wa kumshika."

Miaka yote hiyo nilikuwa namhesabu yeye kuwa ndiye anayeniletea shida mlangoni. Haikunijia kwamba alikuwa akipanda nyuma, juu ya bodi, na shida hizo hizo, wakati mimi nimekaa mbele kwenye kiti na kioo nimepandisha.

"Leo hamna mtu, dada," nikamwambia.

Akageuka akapapasa nyuma ya kiti chake, kama nilivyopapasa mimi kule gereji, akakutana na ukuta ule ule. "Hamna," akasema. Akaiweka mikono yake mapajani, viganja juu, akaiacha hapo.

Mikorosho ikawa inatupita pande zote. Nilimsikia akivuta pumzi ndefu, kisha nyingine, nikadhani analia, na nikaona aibu kumtazama. Nilipotazama, alikuwa amelala. Mdomo wazi, kichwa kimeegemea mlango, kapulana imemwangukia mabegani, anakoroma.

Mbele yetu kulikuwa na njia ya mashambani, pale ninapogeuzia kila siku. Kugeuza pale lazima ushuke kwenye changarawe, na gari linatikisika vibaya. Nikapunguza mwendo, nikaifikia ile njia, nikaipita. Lami ilikuwa bado inaendelea, na mafuta yalikuwepo.