Mtu Mweupe Ndani ya Moshi

Wazimamoto wenzake walimwita Jicho, maana ndiye aliyekabidhiwa ile kamera ya kuona joto. Aliipenda, acha mchezo! Na kila askari mpya ilikuwa lazima ahubiriwe: "Moshi si kitu kwake. Mwili wa mtu utauona mweupe pee. Lakini kioo, ndugu yangu, kioo ni mwongo. Hakikuonyeshi kilicho nyuma yake, kinakurudishia joto lako mwenyewe." Wenzake wamelisikia hilo mpaka wamechoka kumcheka.

Basi mchana mmoja ghala la magodoro likashika moto, na aliyekuwa hajatoka ni mtunza ghala, shemeji yake Jicho, kaka wa pekee wa mkewe. Mkewe mwenyewe alishafika, viatu mkononi, analia. "Baba watoto, usitoke bila yeye!"

Jicho akaingia kwa mlango wa mbele huku wenzake wakivunja ule wa nyuma. Humo ndani hata kiganja chako hukioni. Akapitisha kamera huku na huku. Magodoro, nguzo, mtu hamna. Akaomba kimoyomoyo: Shemeji, kohoa basi, jamani, kohoa tu! Ndipo mwisho wa ujia akamwona, mtu mweupe, amesimama.

"Nimemwona!" akapiga kelele kwenye redio. "Yuko hai! Njooni mbele, wote!"

Nje watu wakashangilia. Waliokuwa wakivunja mlango wa nyuma wakauacha, wakazunguka mbio.

Jicho akanyoosha mkono kumwita. Mtu yule naye akanyoosha. Akasogea, naye akasogea. Akapiga hatua nyingine, kofia yake ikagonga kioo cha ofisi.

Lo! Mwalimu wa vioo! Aliishika redio awaambie warudi kwenye mlango wa nyuma, na kabla hajasema neno, paa la upande huo wa nyuma likashuka. Shemeji walimkuta palepale kwenye ule mlango waliouacha umevunjwa nusu. Hakuwa akipumua tena.

Jicho alipotoka, mkewe alikuwa bado hajaambiwa. Alimjia na chupa ya maji, anacheka, analia.

"Yuko wapi? Wamesema umemwona!"

Jicho akavua kofia. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Niliyemwona ni mimi," akasema.

Mkewe hakumwelewa. Alimsogeza kando kwa mkono, apate kuutazama mlango vizuri.