Hodi Pasipo Mlango

Sikulazimishi uniamini. Binti yangu mwenyewe haniamini, naye nimemlea kwa mikono yangu. Ila haya yalinipata mimi, mchana kweupe, sina homa wala usingizi, na sijaongeza neno.

Mimi na mke wangu, Bi Saada, ni watu wa Unguja tuliozeekea Dubai. Tunakaa mtaa wa Al Baraha. Nilipoacha kazi ya udereva, daktari alimwambia mke wangu atembee, sukari imempanda. Basi majira ya baridi tukawa tunakwenda milimani Hatta kila mwisho wa wiki. Kule kuna hifadhi yenye njia za kutembea kwa miguu, zimewekewa alama za rangi: kijani ni njia nyepesi, nyekundu ni ngumu. Unaingia asubuhi, jioni uko kwako. Kuchagua njia ilikuwa kazi yangu. Majirani walinipigia simu kuniuliza wapite wapi, nami nikajiona mwenyeji wa mlima. Kiburi hakina umri.

Siku hiyo langoni tulimkuta mlinzi tuliyemzoea, Mganda mmoja mtu mzima, Okello.

"Mzee, wewe unaangalia hiyo kibao ya njia kama mtu ananunua shamba," akaniambia. "Chukua tu ile ya bwawa. Mama atembee polepole, mkule sambusa zenu, basi, khalas."

"Mwambie, baba," mke wangu akadakia. "Goti langu leo halitaki mawe."

"Korongoni kuna kivuli," nikasema.

"Kivuli cha nini na baridi yote hii? Wewe ungezaliwa mwanamke, duka la kanga lingefungwa nawe ungali unachagua."

Okello alicheka. Mimi sikucheka. Nikachagua korongo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulitaja mbele ya mtu. Sina sababu nyingine ya kukupa.

Korongo lile ni mto mkavu kati ya kuta mbili za mawe. Maji hupita mvua ikinyesha tu. Tulitembea bila kukutana na mtu, na jua likafika utosini. Wazee wetu walitufunza kwamba saa ile si ya kupita mahali patupu, wenyewe wasioonekana huwa wametoka. Nililijua hilo, nikaendelea. Ajabu ni kwamba aliyechoka kwanza nilikuwa mimi, siyo mwenye goti.

"Kaa upumue," mke wangu akasema. "Nachungulia pale konani tu."

Akaenda, akapinda kona. Nikaketi juu ya jiwe, mgongo wangu kwenye njia tuliyotoka.

Nikasikia nyuma yangu: "Hodi."

"Karibu," nikasema.

Mdomo ulijibu kabla ya akili. Si ndivyo tulivyolelewa? Mtu akipiga hodi unamkaribisha, hata kama una tonge mkononi. Lakini hodi hupigwa mlangoni. Pale palikuwa na mlango gani?

Nikageuka. Alikuwa mke wangu. Baibui lile lile, mtandio ule ule wa rangi ya zambarau, tabasamu lile lile la upande mmoja. Nami nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akipinda kona ya mbele. Akaja akaketi karibu nami, akanishika mkono. Mkono ulikuwa na joto, kama wa mtu.

"Tupumzike, Baba Nasra," akasema.

Hapo ndipo sauti ya Bi Saada ilipotoka konani, inacheka. "Baba Nasra, mbona huji? Kuna mbuzi huku, njoo uwaone."

Yule aliyekaa nami akanong'ona kwa upole, "Usimwitikie huyo."

Nilianza kusoma Ayatul Kursi, aya ninayoisoma tangu utoto, ikanikatikia katikati. Kisha mke wangu akatokea konani. Akasimama. Akatutazama, uso ukambadilika.

"Huyo nani?" akauliza.

"Huyo nani?" akauliza na huyu wa pembeni yangu, kwa hofu ile ile.

Ungefanya nini wewe? Nimeulizwa na watu mbona sikumkimbilia wa mbele. Ukiwa nyumbani ni rahisi kusema hivyo. Nilifumba macho nikamwomba Mola anionyeshe. Nilipofumbua, nilikuwa nimeubana ule mkono kwa nguvu zangu zote, na pale konani hapakuwa na mtu.

Sikuchagua kwa akili wala kwa moyo. Nilishika kilichokuwa karibu.

Nilijikokota mpaka konani. Mbuzi walikuwapo, wanakula vichaka. Niliita jina la mke wangu, na aliyeitika alikuwa nyuma yangu: "Labeka." Njiani kurudi nikamuuliza, "Uliwaona wale mbuzi kwanza, kabla sijaja?"

"Mbuzi gani?" akasema.

Langoni nilimsihi Okello tukatafute.

"Tutafute nani, mzee?"

"Mke wangu."

Akatazama gari letu. Akarudisha macho kwangu, na sauti yake ikashuka. "Mzee, mama si huyo amekaa hapo?"

Alikwenda korongoni kuangalia, kwa kuniheshimu tu. Akarudi akasema hakuna mtu. Sasa nimwendee nani? Nikawaambie polisi nimepoteza mke, naye amekaa kwenye gari ananisubiri?

Anapika pilau kama alivyopika siku zote. Anaswali. Shehe alikuja kumsomea, akaitikia amina mahali pake. Daktari anatupongeza, sukari imeshuka. Nasra huniambia, "Baba, mama amekuwa mpole, hata hagombi tena. Unataka nini zaidi?" Nitamweleza vipi kwamba nataka anigombeze?

Nilirudi korongoni peke yangu, zaidi ya mara moja. Nimeita mpaka koo likakauka. Mawe hayajibu.

Na kuna jambo moja ambalo Nasra halioni, kwa sababu yeye hutujia kama mgeni. Mke wangu hapiti mlango wa nyumba yake mwenyewe bila kupiga hodi. Akitoka jikoni kuja ukumbini, husimama. Akija chumbani kulala, husimama. Haingii mpaka nimwambie karibu. Siku moja nilinyamaza nione. Alisimama tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, hana hasira wala uchovu, ananitazama tu. Nikamkaribisha, maana mtu ni wa kumwacha amesimama hivyo?

Nawe unayechagua njia ya kutembea, mwenzako akikuambia goti linauma, chukua njia ya goti lake. Na ukisikia hodi mahali pasipo mlango, uma ulimi, hata sauti ikiwa ya mama yako mzazi.

Haya nimeyaandika polepole kwa makusudi. Yuko pale mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi, amekwisha kupiga hodi. Kahawa inapoa. Yeye hana haraka, na mimi sina neno jingine la kumjibu ila lile la korongoni.