Mkono wa Birika

Jamani, msinicheke. Mmeniuliza kwa nini kila nikikaribishwa chai nakataa kumiminia wenzangu, nasingizia mara kidole, mara kiuno, na leo nimechoka kusingizia. Enzi ya Mdachi nilipoteza shauri lililokuwa limeshashinda kabla sijafungua mdomo, tena si shauri langu, ni la mama mkwe wangu, na nililipoteza kwa sababu ya kuona haya. Mpaka leo nikikumbuka nahisi masikio yanawaka.

Nilikuwa nimemuoa Zainabu, nikahamia kwao huko juu ya Bigwa, kwa kuwa sisi Waluguru mwanamume ndiye anayefuata mke, na mtu aliyehamia ukweni anaishi kama mgeni hata akikaa miaka kumi. Mama mkwe hakuwa akisema nami uso kwa uso, hiyo ndiyo heshima yetu. Akitaka kuniambia neno anamwambia binti yake, "Zaina, mwambie mwenzio," na mimi nipo hapo hapo nasikia kila kitu, lakini namngoja Zainabu arudie ndipo niitikie. Alikuwa mfinyanzi. Vyungu vyake vilijulikana milima yote, na kwa vyungu hivyo alipata mahindi, chumvi na nguo, bila kumwomba mtu.

Sasa mimi, kwa kutaka nionekane mkwe wa maana, nikateremka mjini nikanunua birika la bati katika duka la Mhindi mmoja aliyeitwa Kanji, birika jipya linang'aa, limeshushwa na gari moshi juzi tu. Nikalibeba kichwani mpaka nyumbani (mtu mzima na birika kichwani, ili kila mtu njiani alione). Siku ya tatu wakaja wageni. Mama mkwe akaliinua kutoka jikoni likiwa linatokota, na mkono wa birika ukang'oka. Ukabaki umeshikwa na vidole vyake, birika lenyewe likapinduka, maji yote yakamwagika juu ya mkono wake wa kulia tangu kiwiko mpaka kwenye kucha. Tulipoangalia baadaye tukaona ule mkono wa birika ulikuwa umegandishwa kwa risasi tu, ile madini laini ya kuungia bati, hauna hata msumari mmoja, na risasi ikipata moto inayeyuka. Yaani birika la kuchemshia maji ambalo halitaki maji ya moto.

Mkono wa mama haukupona vizuri. Vidole vilikunjamana, na mfinyanzi bila vidole atafinyanga na nini?

Mjomba wake Zainabu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, alikwenda kwanza kwa Kanji kuzungumza kwa wema. Kanji akamjibu, "Mzee, mimi nimeuza birika. Nimelipokea hivyo hivyo kutoka pwani, sikulitengeneza mimi." Mjomba akaenda kwa jumbe, mkubwa wa kijiji, jumbe akasema yeye hana amri juu ya wenye maduka, shauri hilo ni la boma. Basi mjomba akatukalisha akasema tutapanda boma siku ya baraza, mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mwamuzi, tutadai Kanji amlishe mama mpaka vidole vifunguke, na visipofunguka amlishe maisha. "Na Bwana Shauri hapendi maneno mengi," akasema. "Anataka kitu chenyewe akione. Mkwe wetu ndiye aliyenunua, yeye ndiye atakayelishika birika na kusema."

Mama mkwe, mkono umefungwa kwa jani la mgomba, akasema, "Zaina, mwambie mwenzio asiliguse. Aliache hivyo hivyo na aibu yake."

Zainabu akanirudishia. Nikaitikia. Na hapa ndipo shetani aliponikalia shingoni, kwa sababu usiku ule nililitazama lile birika, jeusi kwa masizi, limebonyea, mkono wake umefungwa pembeni kwa kamba ya mgomba, nikajiona nimesimama bomani mbele ya Mzungu aliyevaa nguo nyeupe pe, mbele ya askari na watu wote wa mjini, nimekamata kitu kama kile. Watasema watu wa milimani ni wachafu. Watasema mkwe gani huyu. Kesho yake nikajifanya naenda shamba, nikaenda kwa Mzee Mloka mhunzi, akanipigia misumari mitatu ya shaba, mkono wa birika ukakaa imara kuliko siku lilipozaliwa. Nikalisugua kwa majivu na limau mpaka nikaona uso wangu humo. Nikaona uso wa mtu mwerevu.

Siku ya baraza nilikuwa nimelifunga birika kwenye kitambaa, sikulifungua mpaka tulipoitwa. Nilipolitoa kwenye kitambaa nilisikia mama mkwe nyuma yangu anavuta pumzi, lakini nilishachelewa.

"Eleza," akasema Bwana Shauri. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kikavu.

"Bwana, mkono uling'oka."

Akamtazama mama mkwe. "Mkono upo. Naona umefungwa."

"Si huo, Bwana. Mkono wa birika."

Akalitazama birika. "Na huo pia upo."

Watu wakacheka, na mimi badala ya kusema kweli pale pale, nikatokwa na jasho. Akaniuliza, "Birika hili limeguswa na mtu tangu siku ile?" Nikafikiri, nikisema limeguswa nitaonekana mjinga. Nikasema, "Halijaguswa, Bwana. Ni kama lilivyotoka dukani."

Basi akaagiza maji. Jamani, maji yale yalichemka kwa muda mrefu kuliko ujauzito. Moto umewashwa uani, baraza zima linatazama birika langu, na mimi namwomba Mungu (nisamehewe) ling'oke tena, limuunguze hata askari. Askari akaliinua. Akalitikisa. Akatia majani, akamimina chai, Bwana Shauri akapewa kikombe akanywa akasema, "Birika zuri."

Kanji ndiye aliyeligeuza akaliangalia. "Bwana," akasema, "hii misumari ya shaba si yangu. Mabirika yangu yote yameungwa kwa risasi tu."

Mnaona? Alikuwa amekiri mwenyewe! Ushindi ulikuwa umewekwa kwenye kiganja changu, nilitakiwa kusema tu, ndiyo Bwana, risasi ndiyo iliyoyeyuka, hii misumari nimeitia mimi juzi. Lakini nilishasema halijaguswa, na haya zikanizidi, nikasema, "Anaongopa, Bwana. Hiyo ni misumari ya Ulaya."

"Ya Ulaya?" Sauti ikatoka katikati ya watu. Mzee Mloka! Alikuja mjini kuuza majembe, akapita kusikiliza. "Ya Ulaya wapi? Hiyo misumari ni yangu! Nimeipiga mimi kwa mkono huu, huyo kijana ananijua! Shikamooni wazee, mwenye chombo kibovu aje kwangu."

Sikumbuki nilitazama wapi. Nakumbuka Bwana Shauri akisema neno moja tu, "Mwongo," na askari akaanza kulainisha kiboko. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Kanji naye alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kucheka kwa watu.

Ndipo mama mkwe akasimama. Akalifungua lile jani mbele ya wote, vidole vikaonekana, akasema moja kwa moja kwa Bwana Shauri, "Bwana, huyu si mwongo wa kuiba. Ni mtu wa haya nyingi, haya zimemla akili. Mgongo wake niachie, na dai langu nimeliacha."

Bwana Shauri akasema, "Shauri limekwisha."

Mama mkwe akabadilisha chakula chake cha maisha kwa mgongo wangu. Mgongo gani huu, jamani, una thamani gani? Njia yote ya kurudi mlimani birika nilikuwa nimelibeba mimi, linang'aa juani, na kila tuliyekutana naye analisifu.

Nililima shamba lake miaka yote iliyobaki, na haikutosha. Naapa kwenu, kitu kikinivunjikia sikifichi wala sikirembi, nakionyesha na ufa wake. Lakini kiapo hiki kimekuja baada ya safari kwisha, kimechelewa.

Mwaka mmoja baada ya shauri lile mama mkwe alianza kufinyanga kwa mkono wa kushoto. Chungu cha kwanza kilitoka kimelala upande, mdomo umepinda kama anayesikiliza. Akakiweka juani kikauke, mimi nimekaa hatua tatu tu kutoka pale, akageuka kwa binti yake.

"Zaina, mwambie mwenzio," akasema, "na hiki asikinyooshe."