Mkwe Asiye na Gharama

Khaemba alikuwa fundi hodari wa kuchomelea vyuma, na sifa zake tuziachie hapo, maana kilichomponza si mikono yake bali mdomo wake. Geti alilotengeneza yeye halikupiga kelele wala kuburura chini. Wateja wa Kitale walimjua tangu akiwa ameajiriwa na Gicheru, kule nyuma ya maghala ya mahindi. Mwaka wa 2005 akamuaga Gicheru, akakodi kibanda chake, akanunua mashine yake, na akaandika jina lake kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Alijiona amefika.

Kwa Gicheru ushuru ulikatwa kabla mshahara haujamfikia mkononi, naye hakuwahi kuuliza ulikwenda wapi. Sasa alikuwa bosi wake mwenyewe, na hakuna wa kumkatia. Bwana fedha wa shule iliyomwagiza madirisha ndiye aliyemzindua: kabla Juni ya mwaka unaofuata haijaisha, ni lazima ajaze ritani, ile fomu ya ushuru, aeleze ameingiza nini na ametumia nini. Khaemba akaenda kuchukua fomu, akaifungua mezani nyumbani, akaitazama, akaifunga. Ilikuwa na vijumba vingi kuliko grili yoyote ya dirisha aliyowahi kuunda.

Roselyne, mkewe, ndiye aliyetoa wazo, na alilitoa kwa nia njema kabisa. "Si upelekee baba? Yeye ndiye anajazia walimu karibu wote wa Kimilili."

Baba huyo ni Mzee Absalom, karani mstaafu wa chama cha ushirika, mtu wa maneno machache na kinyongo kirefu. Kinyongo kilikuwa na sababu. Roselyne alihamia kwa Khaemba bila mtu yeyote kuketi na kuzungumza mahari, wakapata mtoto, na Khaemba akawa anaomba muda mpaka asimame kwa miguu yake. Haya, sasa amesimama. Mzee aliposikia habari ya fomu akatuma neno: aje Jumamosi, aje na fomu yake, na wazee watakuwepo, mambo yote yaishe siku moja.

Mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini ushuru na mahari viwekwe meza moja. Khaemba yeye alijiuliza avae shati gani.

Huku kwetu mkwe haendi ukweni kulia shida. Akiwa na njaa, atasema ameshiba. Akinyeshewa mpaka viatu vikajaa maji, atasema mvua yenyewe ilikuwa manyunyu tu. Anakaa ncha ya kiti, anaitikia kila kitu, na hamwangalii mama mkwe usoni. Haya ni mazuri na wazee wetu hawakukosea kuyaweka, lakini hakuna aliyeyaweka akifikiria fomu ya ushuru.

Basi Jumamosi hiyo sebule ya Mzee Absalom ilijaa. Ndugu zake wawili walikuwa kwenye kochi, na mkubwa wao, Makokha, alikuwa amevaa koti zito katika joto lile ili ijulikane amekuja kwa shughuli. Mama mkwe na Roselyne walikuwa jikoni, na kati ya jikoni na sebule kulikuwa na pazia tu. Mzee akavaa miwani, akanyoosha fomu juu ya kitambaa cha meza, akashika kalamu.

"Mwaka jana kazi iliingiza pesa ngapi?"

Khaemba alijua jibu, kwa maana hesabu haikuwa tatizo lake kamwe. Pesa zilizopita mikononi mwake zilikuwa karibu laki saba. Zilipita tu, jamani. Nyingi zilikuwa dipositi, malipo ya awali ya wateja, zikiingia asubuhi na mchana ziko kwa Adan muuza vyuma. Lakini alipoitaja hiyo laki saba, Makokha alijiinua kwenye kochi akasema, "Kumbe huyu ni mtu, bana," na Khaemba akahisi joto tamu likimpanda kifuani. Katika miaka yote ya kumpenda Roselyne, hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwita mtu.

"Na matumizi?" mzee akauliza.

Khaemba aliyaona matumizi yote yamepanga foleni mbele ya macho yake: vyuma, rodi za kuchomelea, rangi, stima, kodi ya kibanda, mtu wa mkokoteni. Yataje basi, fundi. Lakini kuyataja mbele ya wale wazee ilikuwa sawa na kugeuza mifuko nje na kusema oneni, hamna kitu. Alilitazama koti la Makokha.

"Ni madogo madogo tu, baba. Si ya kusemwa."

Mzee aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi. "Fikiria vizuri. Hakuna kitu unanunua?"

"Hakuna cha kusumbua, baba."

Mzee akangoja. Alingoja kwa muda ambao mtu mwingine yeyote angetoa sauti, hata ya kukohoa. Halafu akachora mstari kwenye nafasi ya matumizi, mstari mmoja ulionyooka vizuri, akajaza yaliyobaki na kuisukuma fomu ili itiwe sahihi. Khaemba akatia sahihi bila kusoma. Mkwe atasomaje alichoandika baba mkwe, kana kwamba anamshuku? Kisha wakageukia mahari, na kwa mtu wa laki saba ng'ombe waliongezwa mpaka Makokha mwenyewe akaona haya kidogo.

Nyuma ya pazia Roselyne alikuwa amesikia kila neno.

Roselyne ni mtu wa kuchemka polepole. Lakini mwaka mzima uliopita alikuwa amepika sukumawiki kwa mafuta ya kupimiwa, na kila alipoomba viatu vya mtoto aliambiwa asubiri, kazi bado. Sasa ameambiwa, na si na jirani mbea bali na mume mwenyewe mbele ya wazee, kwamba kazi iliingiza laki saba na haikutumia chochote. Mwanamke akipewa hesabu kama hiyo ataimaliza mwenyewe. Roselyne aliimaliza akapata mwanamke wa pili, akampa hata makao, mji wa Moi's Bridge, kwa sababu Khaemba alikuwa akienda huko kufunga mageti.

Barua ya ushuru ilikuja kwa sanduku la posta la kanisa, Agosti, na ni Roselyne aliyekabidhiwa Jumapili. Aliifungua njiani. Serikali ilikuwa ikidai pesa nyingi kuliko zile zilizombakia Khaemba mwaka mzima, na riba ilikuwa imeshaanza.

"Hata serikali inajua uko na pesa," alimwambia mumewe, akiiweka barua juu ya sufuria iliyofunikwa. "Ni mimi tu sijui."

Hapo ndipo angesema, akafungua mdomo na kumwambia, mke wangu, nilijidai mbele ya baba yako. Maneno ni hayo tu, hata mtoto angeyasema. Khaemba alisema, "Mambo ya ofisi wewe huyaelewi." Kufikia Jumatano Roselyne alikuwa Kimilili kwa baba yake, na mtoto, na godoro dogo.

Khaemba alikimbilia ofisi ya ushuru na risiti zake ndani ya kopo la rangi. Alihudumiwa na mama mmoja aitwaye Nyaruai, mtu wa kucheka kwa sauti. Aliisoma fomu, akamtazama, akaisoma tena.

"Kwani wewe mageti unatengeneza na mate?"

Foleni yote ikacheka. Khaemba naye akacheka, na mbele ya wageni wale ambao hata jina hawakumjua akayamwaga yote: vyuma bei yake, rodi, stima, kodi, na hata chai aliyonunulia watu wa kubeba. Hakuona aibu hata chembe. Nyaruai akamwonyesha jinsi ya kuandika marekebisho, akaambatanisha risiti, akagonga muhuri. Ilipopita hesabu, deni lililobaki lilikuwa la kulipika. Ofisi haikumkomoa kwa lolote, na Khaemba akatoka pale akiamini kwamba kwa kuwa serikali imemsamehe, basi ulimwengu umemsamehe.

Akapanda Kimilili siku ileile na karatasi yenye muhuri.

Mzee Absalom alikuwa peke yake sebuleni. Aliisoma karatasi pole pole, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akaivua miwani.

"Nilijua," alisema. "Nimejaza hizi fomu tangu ukiwa mtoto. Fundi wa vyuma hakosi gharama."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Niliinua kalamu, nikangoja. Ulitaka nikufundishe mbele ya ndugu zangu? Ulinichukulia msichana bila kunisalimia. Nikasema, acha nione huyu ni mtu wa kusema ukweli ukimwumiza, ama ni wa kujidai. Nikaona."

Kumlaumu mzee hakungemrudishia Khaemba mke, na mke ndiye aliyemleta pale.

"Baba, nakuomba kitu kimoja. Roselyne anadhani nina mwanamke. Mwambie tu ile pesa haikuwako. Wewe atakuamini."

"Ng'ombe walikubaliwa kwa ile hesabu ya kwanza," mzee akasema. "Hiyo siwezi kwenda kuwafungulia ndugu zangu tena. Lakini kumwita nitamwita."

Akamwita. Roselyne akaja akasimama penye pazia, mtoto mgongoni. Alikuwa amekonda. Khaemba alinyanyuka, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile hakukumbuka jinsi mkwe anavyotakiwa kusimama. Alikuwa tayari kusema yote, kila gharama tangu kiberiti mpaka chuma. Mzee akamwahi.

"Roselyne," alisema kwa upole, akitabasamu kidogo, "mume wako amekuja kukueleza kwamba hana pesa."

Roselyne alimtazama Khaemba kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa akikipenda pale.

"Si hivyo ndivyo ananiambianga kila siku," alisema, akarudi jikoni.